Mtumwa wa Mama Koleta

Nyie mafundi wapya wa mjini Morogoro, mnaoanza kazi na suruali ambazo bado zina mstari wa pasi, nawaona. Saa saba mchana nakatiza taratibu na fimbo yangu, nanyi mmesimama mmoja mmoja pembeni ya barabara, mkono huu simu, mkono huu kifuko cha chipsi kinachovuja mafuta. Mnakula kama watu wanaoficha ushahidi. Ikifika saa tisa mmesinzia juu ya vifaa vya watu. Nikiwauliza, mnaniambia, "Mzee, maisha magumu, chakula cha bei nafuu hakuna." Shikamoo mmenipa na marahaba nimeitika, kwa hiyo sasa mtanisikiliza.

Mimi ni Maganga. Kwa damu ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa tumbo ni mtu wa Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kusuka mota. Mota ya umeme ikiungua, waya wa shaba ulioko ndani unakuwa mweusi na unanuka nywele zilizochomwa. Unautoa wote, unasuka mwingine, mzunguko juu ya mzunguko, na hesabu haitakiwi kupotea. Nimeifanya kazi hiyo tangu nina nywele mpaka leo nina kofia. Lakini mambo ya mota mtafundishwa na wengine wenye subira kuliko mimi. Mimi nataka kuwafundisha kula mchana.

Msicheke. Mzee Ndimbo, Mngoni mfupi aliyenipokea karakana nikiwa sijui hata kushika koleo, alikuwa akisema hesabu inakaa tumboni. Fundi mwenye njaa anafika katikati ya koili anajiuliza amefika wapi, halafu anamalizia kwa kukisia. Fundi aliyeshiba kupita kiasi anahesabu huku anaota. Kwa hiyo chakula cha mchana cha fundi ni kile kinachomfikisha jioni akiwa macho, basi. Kumridhisha ni jambo la ziada, na akilipata amshukuru Mungu.

Zamani hatukuwa na shida hiyo, kwa sababu karakana yetu ilikuwa mali ya umma na ilikuwa na kantini. Niwe mkweli, chakula cha kantini kilikuwa kibaya. Ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, dagaa wenye mchanga wao wa ziwani, na Ijumaa nyama ambayo tulibishana ilikuwa ya mnyama gani. Tulikilalamikia kila siku mpaka kwenye mikutano. Halafu zikaja zile nyakati tulizoziita za ruksa. Madukani zikajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni, mtu wa kawaida akaweza kununua redio bila kumjua mtu. Wakubwa wakatukusanya uani wakatueleza kwamba sasa karakana itajiendesha kibiashara, na kwamba katika biashara kila mtu anajilisha. Kantini ikafungwa siku ile ile. Dagaa wale wale tuliowatukana, tuliwalilia.

Kwenye benchi la pili kutoka kwangu alikaa Marwa, kijana wa Kikurya kutoka Tarime, mrefu, mwenye mikono mizuri ya kazi na ulimi mrefu kuliko mikono. Marwa aliamua kwamba mtu wa kisasa mchana anakunywa soda na kula mkate. Alikaa hivyo karibu wiki nzima, amependeza sana. Katika wiki hiyo akasuka mota ya mashine ya kusaga ya bwana mmoja wa Dumila. Mota ile ilifanya kazi vizuri kabisa mpaka walipoiwasha. Mwenyewe akairudisha juu ya lori, amevaa unga mwili mzima na hasemi neno, na mnajua mteja asiyesema neno anavyotisha.

Mzee Ndimbo hakumgombeza. Aliifungua mota, akachungulia, akauliza, "Marwa, siku ile mchana ulikula nini?"

"Soda, mzee."

"Na nini?"

"Na mkate."

"Haya. Utaisuka upya. Ila kwanza inukeni wote wawili, twende tukale."

Hapo ndipo nilipopata elimu yenyewe, nanyi ichukueni bure. Mzee Ndimbo hakutupeleka kwenye hoteli yenye kibao. Alisema kibao kinalipiwa na mlaji. Alitupeleka sokoni, akatusimamisha karibu na malori ya Mgeta, akatuonyesha makuli waliokuwa wakishusha magunia. "Fuateni hao," akasema. "Kuli anatumia mwili wake kuingiza pesa, hawezi kula uongo. Akila chakula chepesi, gunia la pili linamwangusha." Basi, tukamfuata kuli mmoja mnene wa shingo kwenye vichochoro vya nyuma ya soko, kama wapelelezi.

Mengine alitufundisha tukiwa njiani. Msiangalie nzi, nzi anakula popote. Mwangalieni mpishi kama naye anakula chakula chake. Maharage ya jana yanajulikana kwa harufu kabla hujakaa, kwa hiyo pita upande wa sufuria kwanza, usalimie, uvute pumzi. Mahali ambapo maji ya kunawa yako karibu na sabuni haijafichwa, hapo kuna mtu anayejiheshimu. Na ukifika saa saba kamili umechelewa na umewahi kwa pamoja, kwa sababu chungu cha kwanza kimeisha na cha pili hakijaiva. Nenda saa sita na nusu ukiweza kumdanganya msimamizi, au saa nane ukiweza kujidanganya mwenyewe.

Yule kuli akatufikisha kwenye banda la mabati ya zamani, mabenchi mawili, moto wa kuni, na mwanamke mpana amesimama na upawa mkononi. Huyo ndiye Mama Koleta. Siku hizi mnawaita mama lishe, enzi zile tuliwaita mama ntilie, na yeye usingemwita lolote kabla hajakuita wewe. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, kule juu kabisa mlimani ambako mashamba yamesimama wima. Kaka zake walikuwa wakifunga mizigo ya mboga ya kwenda Dar. Kabichi iliyopasuka haikwenda Dar. Njegere zilizochelewa kuchumwa hazikwenda Dar. Zote zilishukia kwa Mama Koleta. Mchele wake ulikuwa chenga, zile punje zilizokatika mashineni ambazo wenye mpunga wa Dakawa waliona aibu kuziuza kwa wakubwa. Alizipika kwa nazi, akazipalia makaa juu ya mfuniko, na ukifunua ulisahau kwamba ni chenga. Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na ndiyo maana sahani yake ilikuwa rahisi na imejaa. Hakuwa akipunja, alikuwa anajua pa kuokota.

Kabla hajampakulia mgeni yeyote, alikuwa na swali moja. Aliniangalia akauliza, "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama."

Makuli wote wakainua vichwa. Mama Koleta akaweka upawa chini, akajishika kiuno. "Aa. Babu yako alipita hapa amebeba meno ya tembo ya Mwarabu kichwani, ndiyo maana hata wewe huna shingo. Kaa chini, mpagazi."

Nyie utani mnaoujua ni wa timu za mpira, kwa hiyo niwaeleze. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za babu zetu walipokuwa wakipita hapa na misafara ya kwenda pwani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kofia yako na humshtaki. Ukifiwa, anakuja kukuchekesha msibani, na ukifa wewe, anakuja kukuzika huku anakusimanga. Ni haki yake na ni kazi yake. Nikajua nimefika nyumbani. Nikamjibu, "Nimekaa, mama, lakini naogopa. Nasikia kwenu Mgeta mtu akidondosha kiazi shambani, anakuja kukiokota hapa sokoni."

Makuli walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama Koleta hakucheka, hakuwa mtu wa kucheka kazini. Alinipakulia wali, maharage na kabichi, halafu akaongeza upawa mwingine juu. Ule wa pili uliitwa nyongeza, na haukuwa wa kila mtu. Nyongeza ilikuwa ya watani, kwa kila tusi lililofanya benchi zima licheke.

Marwa aliyaona hayo yote. Aliona mlima wangu wa wali, akaona tambarare yake. Siku ya pili akaja amejiandaa. Alikaa, akaonja, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, haya maharage yako ni risasi."

Makuli wakaacha kutafuna. Hata kuni zilitulia. Mama Koleta akamsogelea polepole.

"Wewe kabila gani?"

"Mkurya, mama."

"Mkurya na Mluguru walikutana wapi?"

Marwa akafikiri. Mnamwona mtu mrefu vile anafikiri mpaka jasho linamtoka. "Hapa," akasema.

"Hapa umekutana na maharage yangu. Kula, lipa, nyamaza."

Marwa akala, akalipa, akanyamaza. Kosa kama lile halifanywi na mtu mwingine ila mtu wa mbali aliyekaa katikati ya watani: anasikia matusi, anadhani ni lugha ya mahali. Tangu siku hiyo yule mwenye ulimi mrefu alikuwa bubu kwa Mama Koleta. Ajabu ni kwamba hakuhama. Alikuja kila siku, akanawa, akainamisha kichwa, akala bila nyongeza. Nilimwambia mjini kuna mama ntilie wengi wanaoruhusu Wakurya kuongea. Akaniambia wali wao hauna adabu.

Kuna siku alikuja bwana mmoja aliyekuwa mjini kwa semina ya haki za binadamu, maana semina nazo zilikuwa zimeingia nchini pamoja na mitumba. Alikaa benchi letu, tai begani ili isiingie kwenye mchuzi. Akamsikia Mama Koleta akiniambia, "Mtumwa, mwaga hayo maji, na leo hupati hata ukoko." Yule bwana akasimama. Akamweleza mama, kwa heshima kabisa, kwamba utumwa ulishakomeshwa. Halafu akanigeukia, akaniuliza kama ninakaa pale kwa hiari yangu.

Mtani mwema asingeiacha nafasi ile ipite. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisaidie. Ananilaza na mbuzi."

Akaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaja anahema, akaniangalia, akaangalia mama, akaangalia ile tai. Naye alikuwa Mluguru. "Huyu?" akasema. "Huyu si wa mama peke yake. Huyu ni mtumwa wetu wote, hata mimi nina mguu wangu mmoja kwake." Bwana wa semina alibaki mjini mpaka semina yake ikaisha na kila mchana alikula pale, amekaa kimya karibu na Marwa. Wakawa mabubu wawili.

Sasa kwa nini mama aliniita mtumwa na si mpagazi kama mwanzo? Hapo nirudi nyuma kidogo, na hapo sitawachekesha sana.

Baada ya kantini kufungwa, karakana yenyewe ikaanza kupunguza watu. Wakatukusanya tena uani, wakasoma majina. Jina langu lilisomwa, la Marwa halikusomwa. Mzee Ndimbo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Songea, kwa hiyo hakuwepo hata wa kunitetea. Nikatoka na mfuko wa vifaa vyangu, koleo, nyundo ya mpira, mashine ndogo ya kusukia niliyoitengeneza mwenyewe. Nyumbani nina mke na watoto. Tukakubaliana kilichopo kiliwe jioni na watoto washibe, na mchana kila mtu mzima ajitafutie. Mke wangu alikuwa na dada yake mtaa wa pili. Mimi nilikuwa na aibu.

Nikajifunza kula kijiti. Ndiyo, kijiti cha kuchokonolea meno. Kila mchana nilikuwa natembea mjini nikiulizia kazi, na ikifika saa saba naweka kijiti mdomoni, najichokonoa, napita mbele za watu kama mtu aliyetoka kwenye nyama. Marwa alinikuta mara nyingi akaniambia twende tukale, atanilipia. Namwonyesha kijiti. Nimekula, ndugu yangu. Kwa Mama Koleta sikwenda tena, nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Kukopa nisingeweza, kuomba ndiyo kabisa. Nilikuwa tayari kuanguka barabarani na kijiti changu mdomoni kuliko mtu kujua.

Siku moja nikiwa napita hivyo, nikasikia upawa unagongwa kwenye sufuria. Mama Koleta alikuwa amevuka barabara. Yule mama hakuwahi kuacha sufuria zake kwa ajili ya mtu.

"Umekula wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, mama."

"Umekula nini nyumbani, mlango?"

Kabla sijajibu akanipokonya mfuko wa vifaa begani, akaanza kurudi nao, akipaza sauti mpaka sokoni wasikie. "Nimemkamata. Mpagazi aliyetoroka nimemkamata. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kikapu cha viazi, na huyu ananikimbia." Makuli wakashangilia. Nifanye nini? Mtani wako akikukamata umekamatwa, huwezi kuita polisi. Nikamfuata. Akanipa shoka, akanionyesha kuni. Nikapasua kuni. Nilipomaliza, akaniwekea sahani mbele, na nyongeza juu, na nyongeza ya pili.

"Kula," akasema kwa ukali. "Mtumwa akinifia, hasara ni yangu."

Nililia, vijana. Nasema wazi. Nilikula na machozi yanaingia kwenye wali, na makuli walidhani ni moshi wa kuni, kwa sababu nilijitahidi kukaa upande wa moshi. Hakuna hata mmoja kwenye mabenchi yale aliyejua kwamba nimelishwa. Wote waliona mtani amekamatwa, wakacheka, wakaendelea kula. Mama Koleta alikuwa amelitafutia tumbo langu mlango ambao aibu yangu haikuweza kuufunga.

Nilipoomba mfuko wangu akakataa. "Mfuko unalala hapa. Ukiutaka, kesho." Kesho yake nikaufuata, akanipa ndoo nikachote maji, akanilisha, akauzuia tena. Tukaenda hivyo. Kwa kuwa vifaa vilikuwa pale na mimi nilikuwa pale, ikafika siku yule bwana wa Dumila, yule yule wa mota ya Marwa, akaja kula huku analalamika kwamba mashine yake imeungua tena na karakana wanamzungusha. Wakati huo mashine za kusaga za watu binafsi zilikuwa zinaota kila kijiji. Mama Koleta akanielekeza kwa upawa. "Mtumwa wangu anasuka hizo."

Bwana yule akaniangalia kwa mashaka. "Wewe mchana unakula nini?" akauliza. Alikuwa ameshajifunza.

"Wali maharage."

"Basi njoo uione."

Nikaisuka mota ile nyuma ya banda, kwenye meza ya kukatia kabichi. Ikafuata ya Dakawa, ikafuata ya Mgeta, iliyoteremshwa kwenye lori katikati ya karoti. Nikapata benchi langu, nikaweka paa. Nilipoanza kulipia chakula changu kama watu wengine, Mama Koleta alipokea tu. Ila jina la mtumwa hakuliondoa, na nyongeza hakuikata.

Miaka ilikwenda. Karakana ile ya umma ilikuja kuuzwa na Marwa naye akatoka. Akaja tukafanya kazi pamoja. Zikaja mota mpya za bei ndogo kutoka nje, watu wakawa wanatupa badala ya kusuka, nasi tukazeeka wakati mzuri. Mama Koleta alipika mpaka miguu ikamkataa, halafu binti yake, huyo Koleta mwenyewe, akashika upawa. Halafu asubuhi moja Koleta akatupigia simu kwamba mama hayupo tena.

Tulipanda Mgeta kwa lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, mimi na Marwa tumekaa juu ya magunia. Tulipofika mahali ambapo barabara inaanza kukata kona mlimani, Marwa akasema, "Wewe umemtukana mpaka amekwenda, mmemalizana. Mimi nilikula kwa yule mama miaka yote ile na sikumwambia chochote. Hata asante. Niliogopa kufungua mdomo." Nilimpa kofia yangu ajifunike, kulikuwa na baridi.

Mimi nilikuwa na kazi. Wazee wa kike wa ukoo wake walinipokea wakaniambia, mtani umechelewa, msiba umekaa unakusubiri. Huko mtani akilia, msiba umeharibika; yeye ndiye anayebeba wenzake. Jeneza lilipokuwa likipandishwa kwenye kile kijia chembamba, nikatangulia mbele nikawaambia wabebaji, "Shikeni vizuri, huyu akituponyoka tutakwenda kumwokota sokoni." Hata padri alijifuta uso kwa nguvu. Wanawake walicheka kwa ile sauti ya watu waliokuwa wamelia tangu jana. Nikaona nimeanza vizuri.

Baada ya mazishi chakula kikawekwa uani. Nikamwomba Koleta kanga ya mama yake na ule upawa. Nikajifunga kanga, nikasimama kwenye sufuria, mkono kiunoni, nikaanza kupakua kama yeye. Nikawauliza wakwe zake kama wamekuja kuzika au kushiba. Nikamwambia mwenyekiti wa mtaa, ambaye sasa alikuwa mzee wa mkongojo, kwamba ule mguu wake mmoja wa mtumwa nimeula jana. Kila aliyenyoosha sahani nilimuuliza kabila lake, na watani wenzangu wakanijibu matusi, nikawapa nyongeza. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Koleta peke yake alikuwa mkekani, amejiinamia, hajainua kichwa tangu makaburini.

Mwisho wa foleni akaja Marwa. Mzee mrefu, mvi kichwa kizima, sahani mkononi, kichwa kimeinama vile vile alivyokuwa akikiinamisha siku zote. Nikajua ingefaa nimwache apite tu. Lakini nilikuwa nimeshavaa kanga ya mama, na mdomo ukajiendea.

"Wewe kabila gani?"

Akainua uso.

"Mkurya," akasema, kwa sauti ambayo uani wote uliisikia. "Na maharage yako ni risasi, mama. Ni risasi tangu siku ya kwanza."

Kicheko kikakatika. Wale wazee wa kike wakatazamana, maana Mkurya na Mluguru hawajakutana popote. Nikabaki na upawa hewani. Ndipo Koleta akainua kichwa pale mkekani. Alimwangalia Marwa, machozi bado yanamshuka, na bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mpe nyongeza huyo," akasema.

Nikampakulia wali, nikampakulia maharage, nikamwongezea upawa wa juu mpaka mchuzi ukamwagika kwenye vidole vyake, halafu nikageuza uso upande wa moshi.